Nipe Hesabu, Usinifungulie Salamu

Mkinipitia hapa Kalimoni saa za alasiri mtadhani nimelala. Sijalala. Nimekaa tu kwenye kiti cha plastiki, macho nusu, sukumawiki mbele yangu, na akilini bado nauliza ule mtambo maswali. Nilitunza mtambo wa kutafuta jumbe kwenye kompyuta za kituo kimoja cha redio pale Thika mpaka nikastaafu, na hata kazini nilikuwa naota mchana namna hii. Wakubwa walinivumilia kwa sababu mtambo wenyewe haukusinzia. Sasa naota bila kuulizwa na mtu.

Nyinyi vijana mnaosomea kompyuta, mnaopanga vyumba kule Wendani na kuja huku Jumapili kununua maziwa, mnaniamkia "Niaje, cucu," yaani nyanya kwa Kikikuyu, halafu mkisikia nilifanya kazi gani mnataka kujua nilikuwa natafuta nini siku nzima. Nawaambia kwamba mara nyingi sikutafuta kitu. Niliuliza viko vingapi, nikapewa jibu, nikanywa chai. Mnacheka. Chekeni, lakini kaeni kidogo niwaeleze, maana hii ndiyo sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko zote, na sijaona mtu akiwafundisha.

Kipindi chetu kikubwa kilikuwa cha salamu, Jumapili asubuhi. Mtu wa Gitothua anamsalimu shemeji yake wa Kitale, anampelekea pia fundi wa viatu wa stendi ya Ruiru, na mwalimu aliyemchapa akiwa darasa la nne, na "wote wanaonifahamu". Zamani salamu zilikuja kwa kadi. Baadaye zikaja kwa simu, na hapo ndipo zilipofurika. Mtangazaji angesoma chache, akaweka wimbo, akasoma chache tena, muda ukaisha. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, zilienda kulala kwenye mtambo wangu. Kila ujumbe niliupangia vyumba vyake: aliyetuma, aliyetumiwa, mahali, tarehe, na maneno yenyewe. Wengi hawakujua kwamba salamu ambazo hazikusomwa bado zipo. Mimi nilijua, na siku nyingine nilihisi nafanya kazi ndani ya nyumba iliyojaa watu wanaoitana kwa sauti ya chini.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Hassan, mzaliwa wa Majengo, Thika, aliyetunza zile kadi za zamani ndani ya masanduku ya mbao. Mtangazaji alikuwa akichungulia mlangoni na kuuliza, "Mzee, Mama Shiru wa Juja amepata ngapi?" Mzee Hassan angevuta sanduku, akapitisha kidole gumba juu ya kingo za kadi, taratibu, bila kuinua hata moja, akataja idadi. Siku moja nikamuuliza mbona hazitoi azisome.

"Ameuliza ngapi," akaniambia. "Hajauliza zinasema nini. Sasa mimi niingie kwa maneno ya watu kutafuta nini, binti yangu?"

Hakuwa na haraka yule mzee, na alipenda kunitania kwamba Wakikuyu tunahesabu hadi mawingu. Kompyuta zilipokuja hakuzigusa. Aliketi karibu nami, akaniangalia nikihangaika, akaniuliza swali ambalo wataalamu walioleta mashine hawakuwa wamelifikiria: "Hii nayo inajua kupitisha kidole juu bila kutoa kadi?"

Inajua. Hapo ndipo penyewe, vijana. Ukiuliza mtambo wa kutafuta swali bila kusema unataka nini, unakuletea jumbe za kwanza, kumi hivi, kwa heshima zake, na pembeni unaandika jumla. Lakini kuna mahali pa kuuambia ukuletee jumbe ngapi. Pale uandike sifuri. Sifuri kabisa. Mtambo utapita vyumba vyote, utahesabu zote zinazolingana na swali lako, na utakurudishia namba peke yake, mikono mitupu. Swali linabaki lilelile, unachobadilisha ni mzigo wa kurudi nao.

Na mzigo si mchezo. Studio ilikuwa Thika lakini mashine zenyewe zilikaa Ruiru, kwenye jengo linalotazama shamba la kahawa. Nilikuwa naenda kuzikagua, na mvua ikiwa imenyesha wiki iliyotangulia mashamba yale yanageuka meupe kwa maua na harufu yake inaingia hadi kwenye chumba cha mashine. Nilisimama kwenye ua wa waya nikivuta hiyo harufu hadi mlinzi akauliza kama kuna kitu kimeharibika. Hakuna kitu kilichoharibika. Nilikuwa nafikiria maswali yote yanayotoka Thika, yakipita juu ya mananasi na barabara kuu, yakifika pale na kuuliza tu: ngapi?

Kisha akaja Brian. Kijana mzuri, ana digrii, ana viatu vyeupe ambavyo vumbi la Thika halikuviheshimu. Jumapili moja mtangazaji akamwomba amwambie kwa haraka salamu ngapi zimeingia tangu asubuhi. Brian hakuandika sifuri. Aliagiza jumbe zote zije Thika, azihesabu mwenyewe kwenye kompyuta yake. Skrini ya mtangazaji ikaganda akiwa hewani, akabaki anasalimu watu kutoka kichwani, na kwa vile kichwa kiliishiwa haraka, akamsalimu mke wake mara tatu na mbwa wake mara moja. Brian alikuwa akitokwa jasho. "Cucu, nimeiua?" akaniuliza. Nikamwambia hajaiua, ameibebesha tu gunia la mahindi kwa sababu alitaka kujua uzito wake.

Kuna mtego mwingine, na huu uliwanasa wakubwa wenyewe. Mashabiki wetu wa salamu walikuwa na mashindano ya nani amesalimiwa zaidi tangu kipindi kianze. Mabingwa walikuwa wawili, mama wa duka wa Wendani na bwana mmoja mfuga nguruwe wa huku kwetu Kalimoni. Nilikuwa likizo. Meneja akauliza mtambo mwenyewe, akapata elfu kumi kwa mama na elfu kumi kwa bwana. Akatangaza hewani kwamba wamefungana sare. Bwana wa Kalimoni hakukubali, akasema mashine imehongwa, na watu wake wakaja hadi getini na vuvuzela. Nikarudi nikakuta kesi. Mtambo, mkiuacha na tabia yake, huchoka kuhesabu ukifika elfu kumi. Unasimama hapo na kuweka alama ndogo kando ya namba, kusema kwamba ni angalau hizo, huenda zikawa zaidi. Lazima uuamrishe uhesabu mpaka mwisho. Nikauamrisha. Mama wa Wendani alikuwa amempita mbali sana, na bwana wa nguruwe akahama akaenda kusikiliza stesheni nyingine, ingawa nina hakika bado alikuwa akitusikiliza kwa siri.

Mtaniuliza, sawa cucu, lakini mtu akija ofisini kuuliza, si umwonyeshe tu zenyewe? Tulikuwa tukiwaonyesha. Halafu akaja mwanaume mmoja mpole, akasema anamtafuta dada yake waliyepoteana naye. Tukamfungulia salamu za yule dada, na ndani yake dada alikuwa ametaja soko analouza nyanya. Hakuwa dada, alikuwa mke wake aliyekimbia kupigwa. Alimfikia pale sokoni, akamwumiza. Yule mwanamke alipona, lakini ilibidi ahame tena, na tangu siku hiyo kituo kikaweka sheria: anayeuliza apewe hesabu peke yake, bila jina la mtu, mahali wala neno. Mzee Hassan alikuwa ameshatangulia mbele za haki wakati huo, na nilisikitika kwamba hakuiona sheria yake ikiandikwa.

Sasa nifike kwa yule mama, maana ndiye ninayemwona nikifumba macho hapa.

Alikuja siku ya kazi, mchana, mvua imetoka kukatika na barabara ya Thika inang'aa. Mwanamke mrefu, amejifunga leso juu ya sare ya kiwanda cha nguo. Alisimama mbele ya meza ya Brian bila kukaa.

"Habari zenu. Niliambiwa hapa munaweza jua kama mtu amesalimiwa kwa redio."

"Tunaweza, mathe," Brian akasema. "Lakini hatuonyeshi message. Tunakuambia tu ni ngapi."

"Ngapi inatosha. Hiyo Jumapili mimi huwa kwa shifti, sijawahi sikiliza."

"Jina?"

"Rose Naliaka. Wa Bungoma, lakini nakaa Gitothua miaka mingi."

Brian akaandika. Alikuwa ameshajifunza, aliweka sifuri yake mahali pake. Jibu likaja hapo hapo.

"Hakuna, mathe. Zero. Pole."

Hakulia. Aliangalia chini, akaanza kufungua na kufunga tena leso ambayo ilikuwa imefungwa vizuri. Nikamvutia kiti, nikamuuliza alikuwa anangoja salamu za nani.

Alikuwa na binti mmoja, aliyeolewa na kijana anayeitwa Wafula. Binti akafa kwa kujifungua, mtoto akabaki, mtoto wa kike, Nekesa, kifua chake dhaifu toka siku ya kwanza. Kwenye mazishi koo mbili zikakosana kuhusu mahali pa kumzika, maneno yakasemwa ambayo hayarudi mdomoni. Wafula akambeba mtoto akaondoka. Laini yake ya simu ikazima. Sasa miaka imepita, mtoto kama yupo yuko shule, na nyumbani Bungoma wamechoka kungoja.

"Wanasema na kile kifua, mtoto alienda zamani," akasema. "Wanataka Jumamosi tukae chini tumlilie, tumalize. Kaka yangu ndiye anaita watu. Nilimwomba anipe leo tu, kwa sababu Wafula alikuwa anapenda hii kipindi yenu sana, hata akichunga ng'ombe alikuwa na redio. Nikasema, kama yuko hai na mtoto yuko, atatuma salamu. Sasa mumeniambia sifuri."

Akasimama. Brian alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuota, kama kawaida yangu. Nilikuwa nafikiria mwanangu wa kwanza. Kwa desturi yetu alipewa jina la baba mkwe wangu, na kwa sababu jina la baba mkwe halikai mdomoni mwangu, mtoto niliyemzaa mwenyewe sijawahi kumwita kwa jina lake. Namwita guka, babu, tangu akiwa kwa nepi. Ana ndevu sasa na bado anaitika. Nikajiona nimeshika mkono wa yule mama.

"Mama Naliaka," nikamwambia, "huyo Wafula anaweza kutamka jina lako?"

Akanigeukia kama nimemtukana. "Jina langu? Mkwe wangu? Afadhali apite sokoni bila nguo."

"Sasa atakusalimu akikuitaje?"

Nikaona jambo likimwingia polepole. Huko kwao mkwe na mama mkwe hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Redio ndiyo ilikuwa njia nzuri kuliko zote kwa mtu kama Wafula, kwa sababu angeweza kusema naye bila kumtazama usoni. Lakini jina lake asingelisema hata kwenye redio. Alipoulizwa jina mezani, mama mwenyewe alitaja lile la kitambulisho, kama tunavyofanya sote ofisini, na Brian akamtafuta mtu ambaye Wafula hawezi kumwita.

"Kukhu wa Nekesa," akasema. "Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu. Ataniita hivyo."

Brian akarudi kwenye kibodi. Chumba cha mtumiwa: kukhu, na Nekesa. Chumba cha mahali: Gitothua.

"Thelathini na moja," akasoma. "Mathe, ziko thelathini na moja."

Yule mama akaketi. Nilidhani sasa atalia kwa furaha, na Brian alikuwa tayari ananyanyuka kumletea maji. Lakini uso wake haukufunguka.

"Hiyo ni jina langu sasa," akasema. "Kukhu wa Nekesa. Hata mtoto akiwa chini ya udongo nitaitwa hivyo mpaka nife. Wafula anaweza kuwa ananisalimia akiwa peke yake."

Alikuwa na haki. Namba ni kweli, lakini ni kweli ya swali uliloliuliza, na sisi hatukuwa tumeuliza swali lake. Brian akainama karibu nami. "Cucu, si tufungue moja tu, ya mwisho. Nani atajua?"

Nitawaambia ukweli, nilitaka. Kidole kilikuwa juu ya kibodi. Kubadilisha sifuri kuwa moja ni kazi ya sekunde, na ujumbe ungesimama mbele yetu na kila kitu ndani yake. Nikafikiria yule muuza nyanya. Lakini aliyenizuia zaidi alikuwa mama mwenyewe, maana alikuwa amesikia.

"Usifungue, kijana. Maneno ya mkwe si gazeti. Hata mkono hatupeani, sasa nikae hapa nimsome?" Akavuta pumzi. "Nataka tu kujua kama mtoto yuko."

Nikafumba macho, na nikaona vile vyumba vyangu. Mpaka hapo tulikuwa tumegonga chumba cha mtumiwa na cha mahali tu. Kulikuwa na kingine. Watu wa salamu hawatumi peke yao. Anayetuma huorodhesha walio naye: mimi fulani, pamoja na mke wangu, pamoja na watoto, tunawasalimu. Jina la mtoto aliyekufa linaweza kubaki kwa nyanya yake. Haliwezi kukaa kwa wanaotuma.

Nikamwomba Brian aniachie kiti. Chumba cha mtumaji nikaandika Wafula, na Nekesa, wote wawili lazima wawepo, maana akina Nekesa ni wengi duniani, na anayejiita tu baba wa Nekesa nikamtoa. Chumba cha mtumiwa nikaacha kukhu wa Nekesa, wa Gitothua. Mahali pa idadi ya jumbe za kuletewa nikaandika sifuri, ili hata jicho langu lisiibe. Nikauliza.

Kumi na mbili.

Sikumwambia bado. Kumi na mbili zingeweza kuwa za zamani, za mwaka ule mtoto alipobebwa. Nikaongeza tarehe, kuanzia Januari. Namba ikashuka, lakini haikuisha. Nikasogeza tarehe mbele, mpaka mwanzo wa mwezi ule tuliokuwa nao. Vijana, nimeuliza mtambo ule maswali mengi kuliko nywele zangu, na sijawahi kuogopa jibu. Siku hiyo niliogopa. Nilikuwa na mkono wa mama huyu juu ya bega langu, na nilihisi uzito wake wote. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, nyepesi, ile inayonyesha huku jua linawaka. Nikabonyeza.

"Mama," nikamwambia, "Wafula na Nekesa wamekutumia salamu mwezi huu. Wote wawili. Ni moja."

"Wote wawili wameandikwa?"

"Wote wawili ndio wanaotuma."

Hakuniuliza wanasema nini, wala wako wapi. Mkono wake ulitoka begani kwangu ukaingia kwenye leso, ukatoka na simu ndogo ya vibonyezo. Akabonyeza, akangoja, akatugeuzia mgongo, akatazama dirishani. Brian alikuwa analia waziwazi na hakujificha.

"Kaka," akasema. "Ni mimi. Waambie watu wasije Jumamosi. Hapana, sijamwona. Sijasoma kitu, hawajanifungulia. Wamenipa hesabu tu." Akasikiliza sauti ya upande wa pili. "Ni moja. Ya mwezi huu, anatuma yeye na baba yake. Moja, ndugu yangu. Mtu aliyekufa hatumi salamu."